Kutoka Manibe Hadi Kwenye Kanzu ya Hajji Musa

Baba mdogo Yasini alisema siwezi. Amesema hivyo mara tatu katika maisha yangu, na kila mara alikuwa amekaa pale pale, nyuma ya cherehani yake katika soko la Arua, pini zikiwa mdomoni, kwa hiyo maneno yalitoka yamebanwa. Mara ya kwanza ni nilipoondoka mtaa wetu wa Awindiri kwenda Kenya kutafuta maisha. Alisema nitarudi kabla mahindi hayajakomaa. Mara ya pili ni habari zilipofika kwamba ninaosha chupa katika maabara moja ya Eldoret, na jioni ninasoma. Aliwaambia wateja wake kwamba nitaishia kuwa mwosha chupa mwenye usingizi. Mara ya tatu ndiyo iliyozaa safari hii.

Nilirudi nyumbani na stashahada ya ufundi wa maabara, niliyojilipia mwenyewe bila senti ya mjomba wala shangazi. Niliitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni kwa haboba, yaani nyanya yangu mzaa baba, mahali ambapo hata mtu aliyekuja kuomba chumvi angeiona. Nilirudi pia na hadubini ya mtumba, ya jicho moja, inayotumia kioo na jua badala ya umeme. Mtaa mzima ukaanza kuniita Diploma. Walikusudia kunitania. Mimi niliitika kama jina nililopewa na wazazi.

Kazi ilikuwepo. Chuo kimoja pale mjini kilitafuta fundi wa maabara, na mkuu wa idara ya baiolojia, Madamu Driciru, alinitazama juu ya miwani yake akaniambia kwamba wenye vyeti ni wengi. Yeye alitaka mtu atakayewaletea wanafunzi viumbe vya kwao badala ya picha za vitabuni. Sharti lake lilikuwa hili: kufikia Jumatatu ya kufungua muhula, nimletee aina kumi za kuvu wadogo wanaoota kwenye kinyesi cha wanyama na kwenye miti inayooza, wote wa West Nile, eneo letu hili la Uganda, wote wametambuliwa kwa majina. Na mmoja wao lazima awe mrusha-kofia, kwa sababu ndiye wa kwanza katika somo lake na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona. Nikimkosa huyo, nimeikosa kazi.

Mrusha-kofia, ambaye vitabuni anaitwa Pilobolus, ni kuvu wa ajabu. Anaota juu ya mavi ya ng'ombe, mrefu kama ncha ya kucha, mwili wake kama tone la kioo, na kichwani amevaa kofia nyeusi iliyojaa mbegu. Asubuhi anageukia mwanga, anajaza maji shingoni, kisha anapasuka na kuirusha kofia yake mbali kuliko urefu wa mtu. Analenga mwanga kwa sababu penye mwanga ndipo palipo na majani mabichi, na ng'ombe hula majani, si mavi yake mwenyewe.

Nilimweleza baba mdogo haya yote kwa ufasaha, na kwamba nitawatafuta kuvu hao njia nzima hadi Koboko. Alitoa pini mdomoni, jambo analolifanya akiwa na neno kubwa.

"Mutu anaweza kula kwa kushona," akasema. "Anaweza kula kwa kuchinja, kwa kuendesha gari. Lakini kwa kuangalia mavi? Hiyo hutaweza."

Halafu akanipa mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na kanzu mpya, nyeupe kama maziwa, yenye tarizi ya rangi ya damu ya mzee shingoni. Ilikuwa ya Hajji Musa wa Koboko, rafiki yake wa zamani, aliyekuwa akiozesha binti Jumapili. "Kwa sababu unaenda huko, peleka hii. Ikifika safi, nitaanza kufikiri juu ya hiyo mavi yako."

Alhamisi asubuhi, Awindiri. Nilihitaji vyombo viwili vyenye vifuniko, kwa sababu kinyesi lazima kikae penye unyevu na mwanga kidogo ili kuvu wajitokeze. Nikaenda kwa jirani, Mama Shamimu, nikamwomba kwa sauti yangu ya maabara chombo cha kubebea sampuli hadi Koboko. Hakuuliza sampuli ni nini. Aliingia ndani akatoka na hotipoti yake ya maua, ile ya wageni. Kabla sijafika nyumbani, wanawake wengine walikuwa wamesikia, na kila mmoja alileta chake: bakuli, kopo, hotipoti nyingine ndogo. Vilifika saba. Kila kimoja kilikuwa na alama ya rangi ya kucha chini yake, nukta au msalaba au nusu mwezi, kama wanawake wetu wanavyofanya ili vyombo visipotee kwenye harusi. Nilimwambia haboba kwamba sasa mtaa umeanza kuniamini.

Haboba alicheka mpaka akashika mgongo. "Umekaa Kenya sana, mjukuu. Chombo ya mutu inarudi tupu? Hao wanataka simsim ya Koboko. Wengine asali."

Nilikuwa nimesahau. Kwetu, ukirudisha bakuli la jirani unatia kitu ndani, hata vitunguu viwili, na ukimpa msafiri chombo chako umemwagiza bila kumwagiza. Kwa hiyo nilitoka Arua na vyombo saba na maagizo saba ya ufuta na asali, nikiwa na kanzu ya Hajji mgongoni na hadubini imefungwa tumboni, kwenye baiskeli ya haboba.

Manibe, kwenye njia ya Koboko, ni karibu, lakini mtu akibeba hivyo karibu huwa mbali. Niliingia kwenye boma la mama mmoja aliyeitwa Candiru, mwenye ng'ombe watano wa afya, nikamsalimu na kuomba ruhusa ya kutazama mavi. Alifikiri nataka samadi ya shamba, akauliza magunia mangapi. Nilipotoa lenzi yangu na kijiko cha chai na kupiga magoti, alikuja kusimama nyuma yangu.

"Ng'ombe yangu iko mgonjwa?"

"Hapana, mama. Iko mzima kabisa."

"Sasa mbona unaangalia mavi yake kama daktari?"

Nikampa somo zima la mrusha-kofia. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza kama kwa watu wa mjini mavi yamekwisha. Nilipochukua kijiko kimoja nikafunika, uso wake ulibadilika. Mgeni aliyetoka mbali hivyo, akasema, hawezi kutoka kwake na kijiko. Majirani watasema nini. Aliita watu, wakaleta sepeto. Nilieleza, nikabembeleza, nikataja stashahada. Mwishowe vyombo vyote saba vilijazwa hadi kwenye ukingo, hotipoti ya maua ya Mama Shamimu ikiwa ya kwanza, na mama Candiru akavifunga mwenyewe kwa kamba ya katani, akiridhika kwamba hajaaibika.

Baiskeli niliiacha kwake, nikasimama barabarani. Aliyenichukua ni Lado, mfanyabiashara wa Sudan Kusini anayeishi Koboko, aliyekuwa akipeleka sabuni na soda kwa pikapu yake. Lami ya kwenda Koboko ni nzuri na Lado aliipenda kupita kiasi. Njiani alinieleza habari za kwao Yei, shamba aliloliacha huko, na watoto wake wanaosoma Uganda, huku macho yake yakirudi kila mara kwenye hotipoti iliyokuwa mapajani mwangu.

"Ndugu," akasema hatimaye, "safari iko ndefu, na wewe iko na hotipoti."

Nilimwambia si chakula. Alicheka cheko la mtu asiyepumbazika. Tuliposimama kununua mihogo ya kuchoma, niligeuka kuchukua chenji, naye akalegeza kamba, akafungua kifuniko. Alitazama ndani kwa muda. Kisha akafunga polepole, kwa heshima, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Mimi nimekaa kambi," akasema. "Nimekula vitu mingi. Lakini hii hapana."

Akafungua madirisha yote mawili, na yakabaki hivyo mpaka Koboko.

Alasiri, Koboko. Hajji Musa ni mtu mkubwa, fundi wa malori aliyestaafu, na nyumba yake ilikuwa tayari imejaa harusi: wapishi uani, mashangazi vyumbani, mifuko ya mchele barazani. Alifurahia kanzu mno. Aliipima kifuani, akaigeuza, akasema Yasini bado ni Yasini. Shida ilikuwa mahali pa kuiweka, maana kila kabati lilijaa nguo za wanawake na kila ukumbi ulijaa watoto wenye mafuta ya sambusa vidoleni.

"Chumba ya mgeni iko safi," akaamua. "Tundika kwako, pale dirisha. Hakuna mutoto atashika."

Basi kanzu ikatundikwa kwenye nondo za dirisha langu, upande wa mashariki. Na vyombo vyangu saba, vifuniko vikiwa wazi ili mwanga uingie, nikavipanga mezani chini yake, juu ya gazeti. Niliwaambia wenyeji kwamba ni kazi ya chuo, wasiguse. Wakaniheshimu. Harufu haikuwa mbaya kama watu wanavyodhani. Mavi ya mla majani yakikaa hunuka kama shamba baada ya mvua. Hivi ndivyo nilivyomwambia shangazi yake Hajji aliyesimama mlangoni na ncha ya mtandio puani.

Kufikia Ijumaa jioni walianza kujitokeza, lakini si yeye. Walikuja vijisahani vya manjano vidogo kuliko kichwa cha pini. Vikaja vichupa vyeusi vyenye shingo ndefu. Kila aina niliitoa na kijipande cha mavi, nikaipasua ncha ndogo kwa sindano kwenye tone la maji, nikaitazama kwa hadubini. Rangi inadanganya, mbegu hazidanganyi. Mbegu za vijisahani vile zilikuwa za zambarau, nane nane ndani ya kila kifuko, zimepangwa kama risasi kwenye mkanda. Nikaandika jina, nikakausha sehemu iliyobaki ndani ya kiberiti. Wengi wao hukauka wakabaki na sura yao. Mrusha-kofia ndiye asiyekaushwa, kwa sababu yeye ni maji matupu. Huyo lazima apelekwe hai.

Jumamosi, Abuku, vijijini nje ya Koboko. Nilikwenda kwa ajili ya miti. Kando ya kijito kulikuwa na gogo kubwa la mti uliooza mpaka ukawa laini kama mkate, na mimi nililala kifudifudi, pua kwenye ganda, kwa furaha ambayo sijui kuieleza. Palikuwa na vidole vyeusi vilivyochomoza kama mtu amezikwa humo akaamua kutoka. Palikuwa na vijidonge laini vya rangi ya chungwa. Na palikuwa na viota: vikombe vidogo kama vya kidoli, kila kimoja na mayai ya kijivu ndani, vikingojea tone la mvua lianguke liyarushe nje. Nilikuwa nahesabu mayai hayo niliposhikwa kwapani na kunyanyuliwa. Wanaume wawili waliokuwa wakitoka shamba walidhani nimezimia. Walinikalisha chini, wakanipepea kwa kofia, wakanipa maji ya kijito. Nilipowaonyesha viota kupitia lenzi walivisifu kwa adabu, kisha mmoja akaniambia kwa upole wa kweli kwamba nimepita uyoga mzuri wa kuliwa pale nyuma na sikuuona. Akanisindikiza mpaka kwenye uyoga huo.

Nilirudi Koboko na boksi la viatu lenye aina sita za miti. Pamoja na tatu za mavi, tisa. Nikamwambia Hajji wakati wa chakula kwamba kesho yake nitakuwa nimemaliza, na kwamba kuna watu Arua watakaomeza pini.

Jumapili, alfajiri ikiwa imekwisha na jua likiwa limepanda juu ya paa la jirani, nilisikia sauti ndogo sana, kama mtu anayetupa mtama mmoja mmoja kwenye karatasi. Nilikaa kitandani. Ilikuwa inatoka mezani. Niliruka na lenzi yangu nikainama juu ya hotipoti ya Mama Shamimu, na pale, ndani ya maua yale, walikuwa wamesimama. Mamia ya shingo za kioo, kila moja na kofia nyeusi, zote zimegeukia upande mmoja kama waumini. Mbele ya macho yangu moja ikapasuka, kofia ikatoweka. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Vitabu vyangu vyote vya Eldoret havikuwa na picha nzuri hivyo.

Kisha nikainua macho kutazama kofia zinakwenda wapi.

Jua lilikuwa nyuma ya kanzu. Kitambaa cheupe kile kiliwaka kuliko dirisha lenyewe, na vyombo vyote saba vilikuwa vimekilenga. Kifua kizima cha kanzu ya Hajji Musa, kuanzia tarizi hadi kitovuni, kilikuwa na nukta nyeusi kama mbegu za papai. Nilijaribu moja kwa ukucha. Haikutoka. Mrusha-kofia amejaliwa gundi ya kushika jani hadi ng'ombe aje alile. Kanzu haikumpa shida yoyote.

Sikuwa na namna ila kwenda kumwita. Hajji alikuja na mswaki mdomoni. Alitazama kanzu, akatazama meza, akanitazama mimi.

"Nini imefanya hii?"

Nikamweleza. Nilikuwa naogopa, lakini nakiri kwamba katikati ya maelezo furaha ilinishinda nikamvuta mkono aone kwa lenzi. Hajji aliinama. Wakati huo huo mmoja akarusha, kofia ikampata kwenye ndevu. Aliipapasa kwa kidole, akiwa bado ameinama.

"Inakula nguo?" akauliza.

"Hapana, Hajji."

"Inakula mutu?"

"Hapana kabisa."

Akanyooka. "Basi leta koti."

Hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwa desturi ya Uganda ya kuvaa koti juu ya kanzu. Hajji alivaa koti lake la sufu la kijivu, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaenda kuozesha binti yake. Siku hiyo Koboko ilikuwa na joto la kukaushia samaki. Wanaume wengine walivua makoti yao mapema; Hajji alikaa mbele ya wakwe amefungwa kama mzigo wa posta, jasho likimtiririka, na wakwe wakanong'onezana jinsi mzee huyu alivyo mtu wa heshima.

Nikaha ilipofungwa na pilau ilipoingia, Hajji alifika mwisho wa kuvumilia joto. Alisimama, akavua koti. Mkwe wake akauliza kwa sauti ya chini kama Hajji amepatwa na jambo.

"Nimepigwa risasi," Hajji akasema, "na uyoga."

Akawasimulia yote, na kusema kweli alisimulia vizuri kuliko mimi, akionyesha kwa kidole kila kofia ilikotua. Watu wazima na akili zao walipanga foleni kwenye mlango wa chumba changu kutazama kwa lenzi na hadubini. Bwana harusi alitazama. Imamu alitazama mara mbili. Nilisimama pale nikieleza mpaka koo likakauka, nikafikiri laiti baba mdogo angekuwepo.

Katika foleni hiyo alikuwemo Mama Hawa, mkuu wa jiko, ambaye ni dada yake Mama Shamimu wa Awindiri. Hakuangalia kwenye hadubini. Aliinua hotipoti, akaipindua kidogo, akaona nusu mwezi wa rangi ya kucha.

"Hii bakuli ya dada yangu," akasema, na akaondoka. Nilidhani ameridhika.

Nilitolewa pale kwenda kula na wazee, na wazee wana maswali mengi. Niliporudi chumbani meza ilikuwa tupu. Gazeti lenyewe halikuwepo. Nilikimbia uani nikakuta vyombo vyangu saba vimesuguliwa kwa majivu na sabuni mpaka vinang'aa, vimepangwa mstari, na Mama Hawa akivijaza pilau kwa upawa.

"Mama, mavi yangu iko wapi?"

"Shimoni," akasema bila kugeuka. "Dada yangu atatiwa aibu hivyo na mimi niko hapa? Na chombo itarudi Arua tupu? Shika nyama, weka juu ya hiyo ya mwisho."

Mrusha-kofia alikuwa chini ya maganda ya viazi na maji ya kuoshea mchele. Niliingia shimoni na lenzi. Hapakubaki shingo hata moja. Mavi mapya yangehitaji siku kadhaa, na Jumatatu ilikuwa kesho yake. Nilikuwa na aina tisa, pilau vyombo saba, na baba mdogo mmoja.

Nilikaa kwenye ukingo wa shimo nikiwa nimechafuka hadi magotini, na Hajji akaja kusimama karibu. Alikuwa bado na kanzu yake. Nilikuwa nimeitazama muda mrefu kabla akili haijarudi: shingo zilikuwa zimekufa, lakini kofia zao zilikuwa bado zimeshika pale.

"Hajji, niazime kanzu."

Alijitazama kifuani. "Kanzu iko yangu, madoa iko yako," akasema. "Chukua. Lakini irudi. Nimeozesha binti na hii."

Jumapili jioni, Lado alinirudisha Arua. Safari hii nilimwambia kuna pilau kwenye hotipoti. Alisema ameshiba.

Awindiri walikuwa wakinisubiri. Mama Hawa alikuwa ametumia simu yake vizuri. Wanawake saba walisimama mbele ya nyumba ya haboba na hakuna aliyenisalimu. Nilishusha vyombo kimoja kimoja. Mama Shamimu alifungua hotipoti yake, mvuke wa bizari na iliki ukatoka, akaifunga.

"Diploma," akasema, "nilikupa hii ikiwa na jina nzuri katika mtaa."

Haboba ndiye aliyeanza. Aliketi mkekani, akavuta chombo cha karibu, akala tonge, akatafuna polepole huku wote wakimtazama. Akasema nyama imeiva, na harusi ni harusi. Anayetaka kumkasirisha Hajji Musa aendelee kusimama. Walikula. Wengine walihamishia kwenye sahani kwanza. Hotipoti ya maua ilienda kunyweshea kuku, na nikaambiwa wazi kwamba bado nadaiwa vyombo saba, na simsim.

Jumatatu asubuhi, chuoni. Baba mdogo Yasini alinifuata. Alikuwa amesikia habari za kanzu yake na alitaka kuona kwa macho yake mwenyewe kile kilichoifika kazi yake ya mikono. Madamu Driciru alipitia viberiti na boksi langu aina baada ya aina, akakubali tisa bila kutabasamu. Kisha nikakunjua kanzu juu ya meza ya maabara.

Aliinama, akavuta miwani. "Haya ni mavi ya nzi," akasema.

Nyuma yangu baba mdogo alitoa sauti ndogo ya mtu aliyekuwa akijua.

Nilihitaji sindano ya kubandulia nukta moja, na yangu ilikuwa imekwenda shimoni na gazeti. Niligeuka nikamtazama baba mdogo. Kwenye ukosi wa shati lake, kama siku zote, zilichomekwa sindano tatu. Alisita. Halafu akachomoa iliyo nyembamba kuliko zote, akanipa.

Nikabandua nukta mbili. Moja niliitoa kwenye kifua cha kanzu. Nyingine niliitoa kwenye kioo cha dirisha la maabara, ambapo nzi walikuwa wameacha nyingi. Kila moja niliitia kwenye tone lake la maji. Ile ya dirishani iliyeyuka mbele yetu, ikawa uchafu wa kahawia, basi. Ile ya kanzu ilibaki ngumu. Nikaibonyeza kwa ncha ya sindano, ngozi nyeusi ikafunguka, na nikamwachia Madamu kiti.

Alitazama muda mrefu. Alizungusha skrubu mbele, akairudisha nyuma. Nilijua anachokiona: mbegu za manjano, laini, zenye umbo la yai, maelfu, zote sawasawa.

"Nzi hana mbegu," akasema hatimaye. Akamwita baba mdogo aje aone. Baba mdogo aliinama, akafumba jicho lisilofaa, kisha akahamia jingine. Madamu alikuwa tayari ananiuliza kama naweza kuanza siku hiyo hiyo, na kama nina mavi mengine.

Mshahara wa kwanza ulipopatikana niliamua kulipa wote siku moja. Asubuhi nilipita Awindiri na vyombo saba vipya, kila kimoja na simsim ndani, na hotipoti ya Mama Shamimu ikiwa na maua makubwa kuliko ya zamani. Aliipindua, akatoa rangi ya kucha papo hapo akachora nusu mwezi. Akaniita mwanangu. Akaongeza kwamba nisiombe tena.

Mchana nilikuwa Koboko na kanzu mbili: mpya, aliyoishona baba mdogo bila kuombwa, na ile ya nukta, iliyokunjwa bila kufuliwa kwa sababu sikujua Hajji anataka nini. Hajji aliiweka mpya kando. "Na yangu?" akauliza. Nikampa. Aliipokea, akahisi kitu kizito mfukoni, akatoa lenzi. Niliiweka humo kwa sababu chombo cha mtu hakirudi tupu, na kanzu nayo ilikuwa imenibebea kofia zile. Wageni wake bado huja kuomba kuona, akaniambia, na macho yake yamezeeka. Nilipotoka alikuwa ameketi barazani, kanzu magotini, lenzi jichoni.

Jioni nilifika sokoni Arua. Baba mdogo alikuwa nyuma ya cherehani yake, pini mdomoni. Nikamrudishia sindano. Aliiinua kwenye mwanga akaona tundu lake limepitishwa uzi mweupe, mrefu, uliofungwa fundo mwishoni. Katika miaka yote ya kwenda na kurudi nilichojifunza ni hicho tu: ukiazima, rudisha, na usirudishe kitupu. Mambo ya kuvu nilikuwa nayajua tangu Eldoret.

Baba mdogo aliichomeka sindano ukosini. Alivuta kitambaa cheupe kutoka rafuni, akanipima mabega kwa macho, akaniuliza koti la maabara linataka mifuko mingapi. Nikasema miwili, na mmoja kifuani wa kalamu. Akaanza kukata. Alipofika kwenye mkono wa pili alitoa pini mdomoni.

"Hii," akasema, "usitundike dirisha."